Nyumba ya Vyumba Kumi na Viwili

Alby, Stockholm
14 Novemba 2010

Mpwa wangu mpenzi Gaudiosa,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ni baridi tu inayonitafuta mifupa. Naanza kwa kukueleza jambo ambalo mama yako hajawahi kukueleza vizuri, maana dada yangu Asteria ni mnyenyekevu kupita kiasi. Katika Skandinavia nzima hakuna gazeti la Mwingereza linalotoka wala kurudi bila kupita chini ya mkono wangu. Nasema hakuna. Yale mapana ya wasomi na yale madogo ya kichwa chekundu, yenye picha za wacheza mpira na wake zao, yote yananingoja mimi. Ndege ikitua alfajiri, saa mbili yako mbele yangu, na mimi ndiye ninayejua lipi libaki na lipi likatwe. Balozi akitaka kujua kwao wameamkaje, anavumilia mpaka Ludovick amalize.

Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Ulinilalamikia kwamba siku hizi watu wote wanatumia barua pepe. Wewe uko hukohuko Uingereza, hujasikia? Waandishi wa huko wanasikiliza mpaka simu za watu. Mtu wa nafasi yangu hawezi kujiachia kwenye kompyuta. Bahasha nikiifunga kwa mate yangu mwenyewe, nani ataifungua?

Kazi yako ya kutunza wazee huko Northampton imenipa kifua. Humu Alby nimewatangazia wote. Jumapili tulipotoka kanisani, Mama Précieuse, Mkongo wa ghorofa ya tatu, akaniuliza, "Mupwa wako ni infirmière?" Nikamwambia, "Mama, yule si muuguzi. Yule ndiye anayewaongoza wauguzi." Akasema, "Eeh! Mungu ni mukubwa." Nikamwongezea na nyumba yetu ya Kamachumu, ile ya vyumba kumi na viwili na mageti mawili, gari linaingilia huku linatokea kule.

Najua unacheka. Cheka tu. Mwanaume wa kwetu akisimama mbele ya watu hasemi, "Nina vyumba vitatu na bati linavuja." Babu yako alisimama mbele ya mfalme, mkuki mkononi, akasema ameua chui wanne kwa siku moja, na hakuna aliyemuuliza ngozi ziko wapi. Hayo ndiyo majigambo. Mtu hakamatwi kwa majigambo yake. Watani wetu watuite nshomile, wasomi wa kujisifu, watuite wanavyotaka, wanaona wivu.

Kazini kwako wakikupa fomu ya kuuliza ndugu wa karibu, niandike mimi. Andika hivi: mwakilishi wa magazeti ya Uingereza, Stockholm. Weka na namba ya simu. Watakuheshimu.

Mjomba wako,
Ludovick Rwechungura,
Mwakilishi


Northampton
28 Novemba 2010

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeipata, nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka mama mmoja akahama kiti. Fomu nimejaza kama ulivyosema. Meneja aliposoma "mwakilishi wa magazeti" aliinua macho akaniangalia upya, kama ndiyo kwanza naingia mlangoni. Siku ile nilifanya kazi kwa raha. Ahsante.

Nikueleze habari za mzee wangu mmoja, Mzee Pettifer. Zamani alikuwa mchekeshaji wa televisheni. Alikuwa anaigiza tarishi mwoga anayefukuzwa na mbwa, na watu wazima wote wa hapa ukiwatajia jina lake wanatabasamu. Sasa hakumbuki alichokula asubuhi, ila mimi ananikumbuka. Nikiwa sipo, hali kitu. Chakula cha mwenzangu anakitema. Mimi nikimwambia, "Mzee, fungua mdomo, mbwa ameshapita," anacheka, anakula. Binti yake huja mara mbili kwa mwaka.

Sasa sikiliza, na hili ni lako peke yako. Wiki iliyopita ameniambia ana kijumba chake pwani na anataka kuniachia mimi. Nilimkatalia palepale. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja, nikamweleza, akaandika kwenye kitabu, nikatia saini. Kazi yetu hairuhusu kupokea hata chokoleti bila kuandikwa. Mama sijamwambia, maana atakosa usingizi. Nimekuambia wewe kwa sababu nilitaka mtu wa nyumbani ajue kwamba nilikataa. Usimwambie mtu yeyote, Mjomba. Kibali changu cha kukaa hapa kimefungwa kwenye kazi hii. Kazi ikikatika, na mimi nimekatika.

Na ile nyumba ya vyumba kumi na viwili, tafadhali ipunguze. Mama ameniambia bati la jikoni limetoboka tena, anaweka sufuria chini.

Mpwa wako,
Gaudiosa


Alby, Stockholm
19 Desemba 2010

Mpwa wangu,

Theluji imefika magotini na treni zimeshindwa, lakini magazeti hayakushindwa, na unajua ni kwa sababu ya nani.

Siri yako nimeifukia. Hata mimi mwenyewe nimeshasahau nilipoifukia.

Nina habari kubwa. Juzi mkubwa mmoja wa gazeti la London amenipigia simu mwenyewe, kazini, kwa gharama yake. Dakika arobaini! Mista Ludovick huku, Mista Ludovick kule. Alitaka maoni yangu juu ya mambo mengi, nami nikampa bila choyo. Vénant, kijana wa Kirundi ninayefanya naye kazi, aliweka mzigo chini akaniuliza, "Mzee, leo unaongea na nani?" Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia, "London." Akabaki mdomo wazi.

Nadhani sasa wameanza kunitambua. Usishangae siku moja ukifungua gazeti ukakuta ukoo wetu umo ndani.

Noeli njema. Msalimie mzee wako.

Mjomba wako,
Ludovick Rwechungura,
Mwakilishi Mkuu


Northampton
17 Januari 2011

Shikamoo Mjomba,

Mkubwa wako wa London nimemfikiria sana wiki hii. Nilipoisoma barua yako nilisema, haya, Mjomba ameanza tena. Leo namwomba Mungu safari hii uwe umesema kweli, kwa sababu namhitaji.

Mzee Pettifer alifariki siku mbili baada ya Noeli. Nilikuwepo. Jumapili ya tarehe tisa Januari gazeti moja la kichwa chekundu likatoka na sura yangu ukurasa wa kwanza. Walinipiga picha natoka mlango wa nyuma na mifuko ya taka, mdomo wazi, nilikuwa namwita mwenzangu. Juu wameandika kwa herufi ndefu kama kidole: MTUNZAJI ALIYEMTAWALA MCHEKESHAJI WETU. Meneja aliliweka mezani. Niliona hapo tu. Ndani sijasoma, Mjomba, sina moyo huo. Meneja anasema ndani wameandika kuwa alikuwa hali bila ruhusa yangu, na kwamba ameniachia nyumba ya pwani. Hajaniachia kitu! Kitabu kipo, saini yangu ipo. Nilipomwonyesha alisema, "Najua, Gaudiosa, lakini familia haisomi kitabu chetu, inasoma gazeti."

Nimesimamishwa kazi. Wasipolisahihisha jina langu, wenye nyumba hii ya wazee watanifukuza, na kibali kinakufa na kazi. Dukani yule Mhindi niliyezoea kumsalimia alinirudishia chenji bila kuniangalia.

Habari za nyumba ya pwani tulizijua wawili kazini, mimi na meneja. Labda Emérithe, mwenzangu wa kazi, alitusikia mlangoni. Ni Mkongo, tunakaa naye, tunapika pamoja, lakini nani mwingine? Tangu Jumatatu iliyopita simsalimii.

Wewe unawajua wakubwa wa magazeti. Waombe waandike kwamba nilikataa. Mistari miwili tu. Mistari miwili inanitosha.

Gaudiosa


Alby, Stockholm
25 Januari 2011

Mwanangu Gaudiosa,

Futa machozi. Umegonga mlango wenyewe.

Barua yako ilifika saa tano, saa sita nilikuwa kwenye simu. Nilimwambia mhariri, "Unajua huyu ni nani? Huyu ni damu yangu." Akakohoa. Nikamwambia, "Kohoa tu, lakini magazeti yako nikiyafungia Stockholm utakohoa zaidi." Nilimsikia akimwagiza msichana alete kalamu. Ameahidi siyo mistari miwili: ukurasa wa kwanza, herufi zilezile ndefu kama kidole. Nipe wiki chache, maana mambo ya wakubwa yana ngazi zake.

Wewe usifanye lolote. Usiende kulalamika popote. Ukishtaki wakati mimi naongea nao kwa heshima, utawakasirisha na kazi yangu yote itaharibika.

Kuhusu huyo Emérithe, mimi sisemi kitu. Ila wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mjomba wako,
Ludovick Rwechungura,
Mwakilishi Mkuu wa Skandinavia


Northampton
20 Februari 2011

Shikamoo Mjomba,

Wiki nne zimepita. Kila Jumapili nanunua gazeti, nafungua kurasa zote nimesimama palepale nje ya duka. Leo kulikuwa na mwanasiasa na mbwa aliyejifunza kuogelea. Mimi simo.

Mama mmoja wa chama cha wafanyakazi ananisaidia. Anasema kuna baraza la malalamiko ya magazeti, mtu anaandika bure, lakini lazima iwe ndani ya miezi miwili tangu gazeti litoke. Kwangu mimi mwisho ni tarehe tisa Machi. Fomu ameshaijaza, inangoja saini yangu. Nilimweleza kuwa mjomba wangu anaongea na mhariri mwenyewe. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika.

Mjomba, nitie saini au nisitie? Nijibu upesi, nakuomba. Nimejaribu simu yako mara tisa, haipokelewi.

Emérithe amehamia kwa dada yake. Aliacha sufuria yake kubwa. Alisema niichukue, yeye hataki kitu kilichopikiwa na mimi.

Gaudiosa


Alby, Stockholm
2 Machi 2011

Mpwa wangu,

Usitie. Ni wiki hii au ijayo. Ameniahidi.

Mjomba


Flemingsberg
27 Machi 2011

Dada Gaudiosa,

Pole sana. Mimi ni Damian, wa kwa Mwalimu Evodius, jirani zenu Kamachumu. Sasa nasomea uuguzi hapa Flemingsberg. Mama yako alinipa anwani yako, na ulivyoniomba niende kumwona mjomba wako kazini, nimekwenda. Nakuandikia kama nilivyoona. Sikupenda niwe mimi wa kukuandikia.

Ofisi hana. Chini ya kioski kimoja cha magazeti, karibu na stesheni kuu, kuna stoo isiyo na dirisha. Humo ndimo yanamorudi magazeti ya nje ambayo hayakununuliwa. Nilimkuta amesimama kwenye meza ndefu, amevaa aproni, ana kisu. Anachukua gazeti moja moja, anakata ule ukanda wa juu wenye jina na tarehe, anauweka kwenye boksi. Kilichobaki anakitupa kwenye kontena la karatasi chakavu. Vile vichwa ndivyo vinavyorudishwa kwa wenyewe kuthibitisha kwamba gazeti halikuuzwa. Kazi ya halali kabisa, dada. Wengi tumefanya zaidi ya hiyo.

Nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani amekuelekeza huku chini?"

"Gaudiosa."

Akaendelea kukata. Nikamuuliza mhariri amejibuje. Akasema, "Kijana, mambo ya London si ya kuulizana tumesimama." Nikamwambia tarehe imeshapita, kwamba sasa baraza halipokei tena. Akasema, "Wale watu wana kalenda yao."

Hapo ndipo yule Mrundi, Vénant, aliyekuwa akifunga maboksi, akaingilia, na naapa hakuwa na nia mbaya. "Mzee, si yule wa Desemba? Yule si ndiye alikupigia yeye, akauliza habari za mpwa wako? Ukamwambia nyumba yenu ya vyumba kumi na mbili, na yule babu hawezi kula bila ruhusa ya binti yenu, na atamwachia nyumba ya baharini. Hata sisi tulipiga makofi."

Mjomba wako akamwambia, "Vénant, beba mizigo."

Nikaaga. Nilipogeuka niliona koti lake limening'inia kwenye msumari, na mfukoni gazeti limechomoza. Picha yako. Lilikuwa na kichwa chake, halijakatwa. Katika chumba kile chote ndilo gazeti pekee lililokuwa zima. Nikamwomba anipe nikutumie, ulisema hujasoma ya ndani. Akaja akalisukuma mpaka likazama mfukoni. "Hili siyo lako," akasema.

Nimelitafuta maktaba nikalipata. Nakala ya kurasa za ndani iko humu kwenye bahasha. Soma ukiwa na mtu.

Damian


Northampton
10 Aprili 2011

Mjomba,

Nimesoma. Nilisoma nikiwa peke yangu, maana wa kusoma naye nilimfukuza.

Ukurasa wa nne: "Kijijini kwao ana jumba la vyumba kumi na viwili lenye mageti mawili." Ukurasa wa tano: "Mzee anamtii kama mtoto mdogo. Hali mpaka yeye aseme. Ameshamwahidi nyumba ya pwani." Na chini yake: amesema jamaa wa familia, akijivuna.

Akijivuna, wameandika. Hilo peke yake hawakukosea.

Hakuna mdomo mwingine duniani wenye hiyo nyumba, Mjomba. Mama hana. Mimi sina. Walipata namba yako kwenye fomu yangu, aliyoitoa nani huko ofisini sijui, na niliijaza kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu nilikuonea fahari.

Nilikwenda kwa dada yake Emérithe. Nilipiga magoti mlangoni. Emérithe akasema, "Simama, miye nimekusamehe." Kisha akasema, "Lakini usirudi tena." Sufuria nimeiacha hapo nje.

Barua ya kufukuzwa imekuja tarehe moja. Naondoka kumi na nne Mei. Nitafikia kwa Mama, chumba cha katikati, kile kinachovuja.

Sikuulizi kwa nini uliongea. Wewe kuongea ni kupumua. Nakuuliza mawili. Nilikuuliza nitie saini au nisitie, ukaniambia nisitie, na hukuwa unaongea na mtu yeyote. Kwa nini? Na gazeti ambalo limenifukuza, wewe mwenye kazi ya kuyakata vichwa, kwa nini hilo umelitunza?

Shikamoo sikuiandika. Siyo kwamba nimesahau.

Gaudiosa


Alby, Stockholm
31 Julai 2011

Kwa Gaudiosa, Kamachumu

Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Aprili. Kila nikianza nakuta nimeandika kwamba mhariri amenipigia. Mkono umezoea. Nimezichana zote.

Mwezi huu utakuwa umesikia hata huko redioni: gazeti moja kubwa la Jumapili la Uingereza limefungwa kwa aibu ya kusikiliza simu za watu. Toleo la mwisho lilipofika hapa liliisha lote, watu walinunua kama ukumbusho. Sikupata hata kichwa kimoja cha kukata. Vénant akasema, "Mzee, Mungu amemlipia mpwa wako." Nikamwambia siyo hilo. La kwako bado linatoka kila Jumapili, na kila wiki nalikata, na wiki inayofuata linarudi na kichwa kipya. Kisu changu hakijawahi kulizuia hata siku moja.

Yule mtu wa Desemba alikuwa mpole. Nataka ujue hivyo, maana unaweza kudhani alinibana. Hakunibana. Aliuliza, "Gaudiosa ni mtu wa namna gani?" na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu hapa na kunyamaza akanisikiliza. Tangu mwaka themanini na sita, nilipokuja kwa mafunzo ya kiwanda cha karatasi, miezi tisa, nikabaki, watu hapa huniuliza mzigo uko wapi na saa ngapi nimefika. Basi nikasimama. Kweli kabisa, nilisimama, na kile kisu nilikishika hivi, kama babu yako na mkuki wake. Kiingereza changu ni cha mizigo na saa, lakini siku ile kilitoka. Nikakusifu. Kwetu mzee akikataa kula mpaka uje wewe, hiyo ni sifa ya kusemwa harusini. Kuachiwa nyumba ni sifa. Kukataa nyumba sikukutaja, kwa sababu nilipokuwa nimefika pale kukataa kungeipunguza hadithi. Hilo nalijua. Nililijua nilipokuwa nalisema.

Nilidhani anapiga makofi kama wengine. Sikujua kwamba alikuwa anaandika.

Umeniuliza ya saini. Simu nilipiga mara moja, kweli, tarehe ishirini na tano Januari. Msichana akasema maneno, kisha ukapigwa muziki, kisha msichana mwingine akauliza mimi ni nani. Mimi ni nani! Nilikuwa nimesimama na aproni. Nikakata. Lakini barua yako ilikuwa mezani, umeandika kwamba ninawajua wakubwa, na kwamba mistari miwili inakutosha. Kwa wiki zile, Gaudiosa, kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeniamini sawasawa na nilivyojisema. Ningekuambia tia saini, ungejua hakuna mhariri. Nikachagua ubaki umeniamini. Nilijua tarehe. Niliizungushia duara kwenye kalenda ya stoo, na ilipopita niliitazama ikipita.

Emérithe niliyemsingizia simjui hata sura.

Mama yako hajanipokea simu tangu Mei. Nilisikia kwa Damian kwamba unafundisha mafunzo ya kutunza wagonjwa pale misheni, na kwamba mmebadilisha bati la jikoni. Vizuri. Nimeacha kuitaja ile nyumba. Mama Précieuse aliniuliza habari zako kanisani nikamwambia amerudi nyumbani. Akauliza, "Kwa ile nyumba mukubwa?" Nikasema ndiyo. Unaona? Nimesema nimeacha, na nikasema ndiyo.

Sasa la gazeti, kwa nini nililitunza. Hili sikutaka kulijibu.

Lilishuka Jumatatu. Nilikata mengine mpaka nikakutana na sura yako, mdomo wazi. Nikafurahi. Nilidhani ni habari njema, sikuweza kusoma yale maandishi makubwa. Lakini jina langu nalijua hata likiandikwa kwa Kichina. Nilikuwa nimemtajia yule bwana herufi kwa herufi, mara mbili, na la ukoo pia, naye akasema ahsante. Basi nikaweka kidole, nikateremka nalo mstari kwa mstari, ukurasa wa kwanza, wa nne, wa tano. Nikapata namba kumi na mbili, nikajua hapo ni mimi. Nikazunguka hapohapo kutafuta Ludovick. Nikatafuta Rwechungura. Vénant akanisomea: jamaa wa familia.

Jamaa.

Sikulikata kwa sababu nilidhani kidole changu kimeruka mstari. Nililipeleka nyumbani nikalirudia, na siku nyingine nikalirudia. Wewe ulikuwa umeshasimamishwa kazi. Na kilichoniuma mimi siku ile, na wiki nzima ile, kabla ya barua yako na hata baada yake, kilikuwa ni kwamba hawakuandika jina langu.

Mjomba wako